Marehemu Hakatizwi

Sehemu ya Tisa

Tulimwacha Bibi Sonun mdomo wazi, bakuli limemponyoka, na chai yote imeishia kwenye suruali ya Bakas. Ilikuwa chai ya moto. Bakas hakuruka, hakulia, hakusema hata "aa", kwa sababu baba yake alikuwa anaongea.

Baba yake, Mzee Osmon, alishakufa zamani. Iliyokuwa inaongea ni mashine.

"Wa tano," mashine ilikuwa imetamka, "ni Tailak."

Kisha ikanyamaza. Ndani yake ikasikika sauti ndefu ya mzee anayefyonza kumis, yale maziwa ya farasi yaliyochacha, bila haraka yoyote.

"Tailak ni wetu!" Bibi Sonun alifoka. "Tailak ni baba wa tano wa huyu mjukuu wangu Zuura. Tailak mwana wa Boogachi! Mmeanza kutuibia wafu wetu?"

"Nani kakuibia wafu, mama?" Bakas alijibu. "Si umesikia kwa masikio yako? Ni wa tano wa Kubat wetu."

"Basi kama ni huyo huyo, hawa wawili ni ndugu. Nipeni viatu vyangu niende nyumbani."

Zuura alimshika bibi yake mkono asiinuke. Huku kwetu milimani sheria hii anaijua kila mtu, hata mlevi: mkikutana ndani ya baba saba, yaani vizazi saba vya kuumeni, hamuoani. Lieni, msilie, hamuoani. Harusi ilikuwa Jumamosi, gauni limeshapunguzwa kiuno, na mwanamume mwenyewe ni Kubat, daktari wa mifugo, mrefu, mpole, mwenye mikono ya kumzalisha ng'ombe na ya kumshika mtu bega kwa namna ambayo Zuura asingeweza kumsimulia bibi yake. Alimtaka huyo. Hakutaka mwingine.

"Bibi, majina hufanana," alisema. "Nusu ya wilaya hii ina akina Tailak. Tumsikie baba yake. Akiwa Boogachi, ni mtu mmoja na tumekwisha. Akiwa mwingine, basi walikuwa akina Tailak wawili, na harusi ipo."

"Haya. Baba yake anaitwa nani?" Bibi Sonun akamgeukia Bakas.

Bakas akakohoa.

Mliokuwa nami tangu mwanzo mnakijua kikohozi hicho. Kwa waliochelewa: Bakas ni baba mdogo wa Kubat, na ndiye mkuu wa ukoo wa bwana harusi. Miaka nenda miaka rudi, kila kwenye karamu husimama kifua mbele na kutaja baba zake saba. Akifika wa nne, kikohozi humshika. Watu humpigapiga mgongoni, humpa maji, humpigia makofi, anaketi. Hakuna aliyemtaka amalizie, mpaka alipokutana na Bibi Sonun.

Ndipo ilipobidi nasaba ya Kubat itafutwe Chuo Kikuu cha Ak-Bulak, kwenye chumba cha sauti za wazee. Humo wamo wachungaji, wakunga, waganga wa farasi na wanawake waliofuma mazulia, wote wamepangwa rafuni wakisubiri kusikilizwa. Na mtunza chumba ni nani? Zuura mwenyewe. Alikuwa amempata Mzee Osmon kwenye utepe mmoja wa zamani, wa magurudumu mawili, akiwahesabia wajukuu zake ambao hata hawajazaliwa. Utepe huo haukuwa na nakala.

"Shh!" Bakas alisema. "Anameza. Sasa ataendelea."

Wote wakaielekea mashine.

Humo chumbani mashine ilikuwa imewekwa upande unaotazama mlango, mahali pa mzee wa heshima, juu ya magodoro matatu yaliyokunjwa. Bakas alikuwa ameivika kofia yake nyeupe ya manyoya ya kondoo, maana hakuona vizuri baba yake akae kichwa wazi mbele ya wakwe. Mbele yake palikuwa na bakuli la chai, maandazi madogo, na kichwa cha kondoo kilichochemshwa. Kichwa hupewa mzee akikate, kisha wengine ndio wale. Mzee hakuwa amekikata. Kwa hiyo tangu asubuhi hakuna aliyetia kitu mdomoni, na kichwa kilikuwa kikipoa huku kikiwatazama.

"Baba yake Tailak," ilisema sauti ya Mzee Osmon.

Zuura akaisogelea mashine.

"Baba yake Tailak alikuwa… Ah! Lakini kabla sijamtaja, lazima niwape habari ya farasi wangu."

"Hapana!" Zuura alisema kwa sauti. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye kitufe cha kupeleka utepe mbele.

Bakas akaudaka mkono hewani. "Binti! Unataka kumfanya nini mzee wangu?"

"Namsogeza mbele kidogo tu, baba."

"Kama jana?"

Jana yake Kubat alijaribu kumsogeza mbele kidogo tu. Mzee Osmon, aliyekuwa mkubwa wa sauti na wa heshima, alilia ndani ya mashine kwa kisauti chembamba kama panya aliyebanwa mlangoni. Bakas alikaa chini kwenye korido akapepewa na wafagiaji. Tangu hapo ikapitishwa, kwa kauli moja ya Bakas, kwamba marehemu hasogezwi mbele, harudishwi nyuma, wala hazimwi. Mzee akiongea hakatizwi. Alipokuwa hai hakuna aliyemkatiza, sembuse leo amekufa na hawezi kujitetea.

"Ni mashine, baba," Zuura alisema.

"Mashine haina sauti ya baba yangu."

Zuura alimtazama Kubat. Kubat alikuwa amekaa karibu na mlango, mahali pa vijana, mikono juu ya magoti, macho chini. Mbele ya wakubwa Kubat hasemi mpaka aulizwe, na hakuna aliyemwuliza kitu tangu posa ipelekwe. Tumbo lake tu ndilo lililonguruma.

Basi wakasikiliza habari ya farasi.

Alikuwa farasi wa kijivu mwenye alama nyeupe usoni. Siku moja, enzi za shamba la ushirika, mwenyekiti alisimama mbele ya watu wote kutaja mfanyakazi bora wa mwaka, na akataja jina la farasi. Alichanganya tu, mwenyekiti alikuwa na homa. Lakini alikuwa mtu mzima, tena ameshasema hadharani, na nani angemsahihisha? Watu wakapiga makofi. Farasi akaletwa, akavalishwa nishani. Kwa kuwa mfanyakazi bora lazima awe kwenye kamati, farasi akaanza kuhudhuria vikao.

"Hakuwahi kuchelewa," alisema Mzee Osmon. "Na alipokataa jambo, alikataa waziwazi. Ile hoja ya kulima mpunga kule juu kwenye theluji, ni yeye peke yake aliyeipinga. Aliinyea."

"Mungu amrehemu," alisema Bakas, akifuta chozi. Haikujulikana anamlilia baba au farasi.

"Baba yake Tailak!" Bibi Sonun aliipigia mashine kelele. "Wewe mzee, sema baba yake Tailak! Watoto wana harusi!"

"Usimfokee, mama, kakuzidi umri."

"Kanizidi wapi? Alipokufa alikuwa na miaka sitini. Mimi nina themanini na mbili. Huyu ni mdogo wangu!"

Hakuna aliyewahi kulifikiria hilo. Kama marehemu ni mdogo kwa Bibi Sonun, basi bibi ana haki ya kumkatiza, na kile kichwa cha kondoo ni chake. Zuura akaona mlango wa matumaini unafunguka.

"Aliyekufa hahesabiwi alipoishia," Bakas alisema haraka. "Anaendelea kuongezeka. Leo angekuwa na tisini na tano."

"Anaongezeka vipi naye amekufa?"

"Kwani heshima yake imekufa?"

Ugomvi huo ungefika mbali, lakini moshi mwembamba ulianza kutoka chini ya kofia.

"Mzee anaungua!" alipiga kelele Bibi Sonun.

Zuura akaing'oa kofia. Mashine ilikuwa ya moto kama birika, imefunikwa na manyoya tangu asubuhi. Aliipepea kwa gazeti la wiki iliyopita, na sauti ya Mzee Osmon, ambayo ilikuwa imeanza kulegea na kuburuta maneno, ikarudi kuwa sauti ya mtu. Bakas alisema kwa sauti ya chini kwamba mzee alikuwa ametokwa na jasho, si lolote.

Hapo ndipo mlango ulipofunguka kwa kishindo.

"Nani anachemsha kondoo kwenye idara yangu?"

Alikuwa Profesa Esenbek, mkuu wa idara, tai shingoni, miwani kwenye paji la uso. Mtu huyu amejengewa jina na huu utepe mmoja. Kila mwaka huwaambia wanafunzi wapya jinsi alivyopanda milima peke yake akiwa kijana, theluji hadi kifuani, ili aiokoe sauti ya mzee wa mwisho aliyejua kutaja nasaba kwa mtindo wa kale. Kila mwaka theluji huongezeka.

"Zuura! Hiki ni chumba cha utafiti. Zima hiyo mashine sasa hivi!"

"Zima mwenyewe, Profesa," Zuura alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alimpenda bosi wake, maana akiizima yeye, utepe ungeweza kusogezwa mbele. "Tafadhali. Zima."

Profesa akanyoosha kidole. Sauti ya Mzee Osmon ikasema, "Wewe kijana, kaa chini, usisimame juu ya vichwa vya watu."

Kidole kikabaki hewani. Profesa akavua viatu, akakaa.

"Samahani, baba," alinong'ona.

Lakini mzee hakuwa anamwambia yeye wa leo. Kutoka ndani ya mashine ilijibu sauti nyingine, nyembamba, changa, iliyolegezwa na kinywaji: "Nimekaa, baba. Naomba bakuli jingine la kumis kama haitakuwa taabu."

"Hilo litakuwa la tano, mwanangu."

"Kumis yenu ni tamu, baba. Na nje jua kali."

Wote wakamgeukia Profesa. Alikuwa amekuwa mwekundu mpaka masikioni.

"Theluji hadi kifuani, eti?" Bibi Sonun aliuliza.

"Kulikuwa na theluji," Profesa alisema. "Upande wa pili."

"Kijana," Mzee Osmon aliendelea, "umenisikiliza tangu asubuhi hujanikatiza hata mara moja. Watoto wa siku hizi hawana adabu hiyo. Nimekupenda. Sasa inueni mikono, niombe dua, na baada ya dua nitawatajia wale wawili waliobaki, maana mababa hawatajwi kwa mkono mtupu."

Baada ya dua! Zuura akavuta pumzi. Akainua viganja kama wengine wote. Bibi Sonun akainua. Bakas, Kubat, hata Profesa. Mzee akiomba dua utafanya nini? Unainua mikono.

"Mungu awape mvua na majani," ilisema mashine.

"Amina."

"Awape kondoo wanaozaa mapacha."

"Amina."

"Na mimi Osmon, mbele ya walionisikia na watakaonisikia, mjukuu wangu wa kwanza wa kiume, akizaliwa, namchumbia binti wa kwanza wa kijana huyu, akizaliwa. Tumeshakuwa wakwe. Kijana, umekubali?"

"Nimekubali, baba!" ilisema ile sauti nyembamba, ikifuatiwa na kwikwi.

"Amina!"

"Amina," waliitikia watu wote chumbani, na kujipangusa nyuso kwa viganja, kama mtu anavyofanya bila kufikiri tangu utotoni.

Halafu wakafikiri.

Mjukuu wa kwanza wa kiume wa Mzee Osmon ni Kubat. Na Profesa Esenbek ana binti mmoja tu, Jibek, bingwa wa mieleka wa mkoa, ambaye hajaolewa kwa sababu anasema bado hajamwona mwanamume wa kumwangusha.

"Nilikuwa nimelewa," Profesa alisema kwa unyonge.

"Lakini umekubali," alisema Bakas. Uso wake ulikuwa umechanua ghafla. Angalieni jinsi mtu anavyogeuka! Hakuhitaji tena baba wa sita wala wa saba. Hakuhitaji kukohoa. Alikuwa amepata mkwe profesa, bure, kwa amri ya baba yake. "Umekubali, na dua imeitikiwa. Hata wewe, Bibi Sonun, umeitikia. Nimekusikia."

"Nimeitikia mvua na kondoo! Hayo mengine yamenipitia!"

"Amina haigawanywi, mama."

"Na harusi ya Jumamosi?" Zuura aliuliza.

"Jumamosi ipo palepale," Bakas alisema kwa upole, kama anampa pole ya msiba. "Kondoo wameshanunuliwa. Tutabadilisha tu bibi harusi."

Ndani ya mashine watu walikuwa wanakula. Mzee Osmon na wenzake walitafuna, wakavunja mifupa, wakasifu nyama. Walio hai walikuwa na njaa, wafu walikuwa wanashiba. Zuura alimtazama Kubat. Kubat alitazama magoti yake. Midomo ilimchezacheza, na Zuura aliijua ile midomo, alijua kuna maneno nyuma yake, lakini yalikuwa yanasubiri mkubwa mmoja ayape ruhusa ya kutoka, na wakubwa wote walikuwa wanabishana kuhusu Jibek.

Hapo Zuura akashikwa na hasira ambayo hajawahi kuiona kwake. Miaka yote amewatunza wazee hawa. Amewapangusa vumbi, amewakinga na unyevu na panya. Amewasikiliza kwa adabu kuliko wajukuu zao. Leo mmoja wao, katikati ya mlo, amemgawa mchumba wake kwa mtoto wa mlevi, na watu wazima wanaitikia kwa vichwa.

"Sawa," alisema. "Mnachokiogopa ni maneno yaliyo kwenye utepe. Basi na sisi tutaweka yetu."

Akakivuta kipaza sauti anachotumia kurekodia wazee wanaomjia hapo chumbani, akakichomeka. Akabonyeza kitufe chekundu, taa nyekundu ikawaka.

Mzee Osmon akanyamaza katikati ya kutafuna.

Bakas akatoa sauti ya mtu aliyepigwa ngumi ya tumbo. Profesa akafunika macho. Marehemu alikuwa amekatizwa, tena na msichana, tena mkwe! Utepe ulizunguka polepole, kimya, ukimeza kila kitu.

"Mimi ni Zuura binti Turat," alisema kwenye kipaza sauti. "Mbele ya walionisikia na watakaonisikia, namwuliza Kubat mwana wa Asan. Unanioa mimi, au unamwoa binti wa Profesa? Nakuuliza wewe, si baba yako mdogo. Sema. Mashine inasikia."

Kubat akainuka.

Kubat ni kijana aliyelelewa vizuri. Hilo ndilo balaa. Mtu aliyelelewa vizuri haanzi na lake. Kwanza alimsalimu Bakas, akamwulizia afya ya mgongo na maendeleo ya kikohozi. Akamsalimu Bibi Sonun, akamwulizia magoti, na ng'ombe wake yule mwenye kiwele kibaya. Akamsalimu Profesa. Akaigeukia mashine, akainama, akamsalimu babu yake ambaye hakuwahi kumwona, akamwomba radhi kwa kusema mbele yake, akawaombea rehema mababa wote waliotajwa na ambao hawajatajwa. Akaomba ruhusa ya kuongea. Akasubiri apewe. Hakuna aliyempa, wote walikuwa wameganda. Akaiomba tena.

"Sema, mwanangu!" Bibi Sonun alipiga kelele. "Sema kabla hatujazikwa!"

Kubat alipoongea hakunong'ona.

"Namwoa Zuura," alisema. "Babu anisamehe. Nampenda tangu siku aliyoniletea paka wake nikamwambia hana ugonjwa, ana mimba. Namwoa Jumamosi. Mkibadilisha bibi harusi, itabidi mbadilishe na bwana harusi."

Bibi Sonun alipiga magoti yake yote mawili kwa furaha. Profesa alitoa pumzi ndefu, akasema Mungu ni mkubwa, kwa maana hakuna ambaye angemfikishia Jibek habari ile akabaki na meno. Hata Bakas alifungua mdomo, akakosa pa kushika. Maneno yamo kwenye utepe. Yamesemwa mbele ya mzee, na mzee hakupinga.

Zuura alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Dunia nzima ilikuwa yake. Aliinua mkono kuzima ile taa nyekundu, na kidole kilipokaribia ndipo akaona.

Aliliona gurudumu la kushoto. Lilikuwa nene wakati anabonyeza. Sasa lilikuwa jembamba, limebakiza mizunguko michache tu.

Salamu. Magoti. Ng'ombe. Mgongo wa Bakas. Kila neno la adabu la Kubat lilikuwa limelala juu ya kitu na kukifuta, na kitu hicho kilikuwa ndicho walichokuja kukitafuta. Mzee Osmon alisema atawataja mababa wale wawili baada ya dua. Alikuwa amekula, akashiba, akawataja, na duniani hapakuwa na mtu mwingine aliyewajua.

"Profesa," Zuura alisema. "Wewe ulikuwepo. Baba yake Tailak aliitwa nani?"

Profesa alimtazama kwa macho ya mtu anayetafuta kitu kwenye chumba chenye giza.

"Nilikuwa kwenye bakuli la tano, binti yangu," alisema.

Bibi Sonun aliacha kupiga magoti. Alikuwa ameelewa. Akamtazama mjukuu wake, akamtazama Kubat, mmoja baada ya mwingine, pua kwa pua, kama anayetafuta uso mmoja kwenye nyuso mbili.

"Nawapenda nyote wawili," alisema taratibu, "lakini bila jina hilo siwezi kuitikia ndoa hii. Siwezi, Zuura. Itakuwaje mkiwa ndugu?"

Kidole cha Zuura kikaangukia kitufe. Taa nyekundu ikazima, na sauti ya Mzee Osmon ikarudi chumbani, imeshiba, imeridhika, haina habari.

"…na huyo ndiye wa saba," alisema. "Basi, sasa mnawajua wote. Msije mkasema sikuwaambia."

Utepe ukaisha, ukaanza kupigapiga hewani.